Nargisi Nyeusi na Mkasi wa Wakaguzi

Wanawake wawili wamekaa wakikabiliana usiku, na baina yao pana meza na mshumaa mmoja unaowaka. Mmoja amevaa vazi jeupe la utawa lililomfunika toka utosini hadi nyayoni, na mikononi ameshika Biblia. Wa pili, ambaye hadi juzi alikuwa akivaa vazi lilo hilo, usiku huu amekaa ndani ya gauni jekundu aliloliagiza kwa siri kwa njia ya posta, naye ametoa kioo kidogo na rangi ya mdomo, ajipaka taratibu, macho yake yakimtazama mwenziwe kwa inadi, huku jasho likimtoka usoni na mshumaa ukizidi kupungua. Hapana tusi linalotamkwa, wala nguo inayovuliwa, wala mkono unaogusa mwili wa mtu. Na juu ya hayo, katika sinema zote nilizopata kuziona, sijaona kipande kilichobeba ashiki na hofu kwa pamoja kama hicho. Filamu yenyewe ni Black Narcissus, yaani Nargisi Nyeusi, iliyotokea Uingereza mwaka 1947, na historia yake, tokea kitabu ilikochimbukia hadi mkasi ulioipitia kule Marekani, yafaa ielezwe kwa kituo, kwa sababu yaliyoipata filamu nje ya kitambaa cha sinema yafanana sana na yale yaliyowapata wanawake wale ndani yake.

Kitabu kilitungwa na Rumer Godden, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1907 na kulelewa katika mji wa Narayanganj, Bengal, kando ya mto, ambako baba yake alikuwa na kazi katika kampuni ya meli za mtoni. Riwaya hiyo, iliyochapishwa mwaka 1939, yasimulia habari za masista wachache wa Kanisa la Kiingereza waliotumwa kwenda mahali paitwapo Mopu, juu kabisa katika milima ya Himalaya, wakafungue shule na zahanati ndani ya kasri waliyopewa na jenerali mtawala wa nchi ile. Kasri hiyo zamani ilikuwa nyumba ya masuria, na kutani mwake mlikuwa mngali na picha za wanawake walio nusu uchi. Na kabla ya masista hao, watawa wanaume walikwisha kujaribu kukaa hapo wakashindwa kwa miezi michache. Nadhiri za masista wenyewe hazikuwa za maisha, bali zilitiwa upya kila mwaka, jambo ambalo wengi hulipita bila kulitia maanani, nami naliona kuwa ndilo ufunguo wa kisa chote: mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na kila mmoja wao alijua kuwa uko wazi.

Mkuu wao ni Sista Clodagh, kijana kuliko wote waliopata kupewa daraja hilo katika jamaa yao, mwenye kujistahi na kujizuia. Katika wanaofuatana naye yumo Sista Ruth, ambaye katika filamu Mama Mkuu amwondoa Calcutta kwa kuwa ni mgonjwa wa moyo na mwili, tena mtu mwenye haja kubwa ya kuonekana kuwa ana maana. Basi upepo wa mlimani, usionyamaza mchana wala usiku, waanza kazi yake. Sista Philippa, mtu mzima aliyeaminiwa bustani ya mboga, ajikuta amepanda maua matupu, kwa sababu akitazama mbali ayakumbuka mambo aliyodhani kuwa amekwisha kuyasahau. Sista Honey awapenda watoto wa watu hata apoteza busara, na mtoto mchanga aliye mahututi afariki baada ya kupewa mafuta ya nyonyo, na wenyeji waikimbia zahanati. Clodagh naye, katikati ya sala, amkumbuka Con, kijana wa kwao Ireland ambaye mji mzima ulidhani atamwoa, naye akafunga safari ya Marekani akamwacha.

Jina la kitabu latokana na manukato. Kijana wa ukoo wa jenerali, aliyevaa johari na hariri, aingia darasani kusoma pamoja na watoto, na akitoa leso yake chumba chote chajaa harufu ya nargisi nyeusi aliyoinunua katika duka la wanajeshi mjini London. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hilo. Katika nyumba zetu udi hufukizwa, asumini na kilua hutandazwa kitandani, na kila aliyekulia humo ajua ya kuwa harufu huingia mahali ambapo neno haliwezi kuingia, na humkumbusha mtu asilotaka kukumbushwa. Masista wale walijifunga kwa macho, kwa masikio na kwa mikono, lakini pua hazikuwa na nadhiri.

Waliokitwaa kitabu wakakifanya sinema ni Michael Powell, mzaliwa wa Kent mwaka 1905, na Emeric Pressburger, Myahudi mzaliwa wa Miskolc, Hungary, mwaka 1902, aliyeikimbia Ujerumani Hitler aliposhika madaraka na baadaye akapata maskani Uingereza. Wawili hao walikuwa na kampuni yao, The Archers, na walitia saini kazi zao kwa majina mawili pamoja, kama kwamba utungaji na uongozaji ni mkono mmoja. Kila mtu alitazamia kuwa wangefunga mizigo kwenda Himalaya, Powell akakataa. Alisema ya kuwa picha zilizopigwa katika jua la India hazitapatana kamwe na zile zitakazopigwa studioni, na kwamba filamu hii haina uhai nje ya hali yake ya hewa, ambayo yeye alitaka kuishika mkononi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mwaka 1946 kasri ya Mopu ikajengwa katika studio za Pinewood, karibu na London, na misitu ya mlimani ikapatikana katika bustani ya Leonardslee huko Sussex, ambayo mabwana wake wa zamani walipanda miti na maua ya kutoka Himalaya yenyewe.

Na milima? Milima ilichorwa. Fundi mzee Percy Day, ambaye wenziwe walimwita Poppa, alichora magenge na theluji juu ya vioo, na michoro hiyo ikaunganishwa na picha za watu waliosimama juu ya jukwaa la kawaida, hata yule anayepiga kengele kwenye ukingo wa jabali, na chini yake bonde lisilo na kina cha kujulikana, kwa kweli alikuwa hatua chache tu kutoka ardhini. Mandhari za nyuma ya madirisha zilikuwa picha zisizo na rangi zilizokuzwa zikawa kubwa kama ukuta, kisha mafundi wa Alfred Junge, msanifu mzaliwa wa Ujerumani, wakazipaka rangi kwa chaki. Wako waliolihesabu jambo hilo kuwa ni udanganyifu, na Godden mwenyewe alikuwa mmoja wao, maana hakuipenda filamu hii maisha yake yote, akaipenda zaidi The River, ambayo Jean Renoir aliipiga India kwenyewe kutoka kitabu chake kingine, akishirikiana naye. Namheshimu kwa kuwa kitabu ni chake na utoto wa India ni wake. Lakini katika shauri hili nasimama upande wa Powell. Mlima unaowatia wazimu masista hauko Himalaya. Umo vifuani mwao, na mlima ulio kifuani huchorwa, haupigwi picha.

Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff, mtu aliyezaliwa mwaka 1914 katika jamaa ya wachezaji wa michezo ya kuchekesha ya majukwaani, asiyepata elimu kubwa ya shule illa ile aliyojifunza katika majumba ya kuhifadhia picha za rangi, alikokwenda kutazama jinsi mabingwa wa kale walivyoupokea mwanga. Kwa Mopu alimfuata Vermeer: mwanga mmoja, mtulivu, unaoingia kwa dirisha la upande na kulala juu ya kitambaa cheupe. Alikuwa na shida kubwa, kwa kuwa mavazi ya masista yalikuwa na weupe wa maziwa na midomo yao haikupakwa kitu, na kwa muda mrefu filamu ya rangi haina rangi. Lakini shida hiyo ndiyo iliyokuwa hazina yake. Jicho la mtazamaji, baada ya kulazwa njaa na weupe kwa zaidi ya saa nzima, likifunuliwa ghafla ule wekundu wa gauni na wa mdomo, hushtuka kama kwamba limepigwa. Na Ruth anapokwenda usiku kwa Bw. Dean, wakili wa jenerali, kumfunulia mapenzi yake, naye akamkataa, kitambaa chote cha sinema hujaa wekundu mtupu, kisha hugeuka samawati pale anapozimia. Sijui mwandishi yeyote awezaye kulieleza hilo kwa ukurasa mzima likafika kama lilivyofika pale kwa nukta mbili tatu.

Kipande cha mwisho, alfajiri, Ruth anaporudi akimnyemelea Clodagh kwenye kasri hadi penye kengele, kilitengenezwa kinyume cha desturi. Desturi ni kupiga picha kwanza na kutia muziki baadaye. Hapa Brian Easdale alitunga muziki kwanza, na waigizaji wakaenda, wakageuka na kusimama kwa kipimo cha muziki ule, kama watu wachezao ngoma wasiyoisikia. Hapana neno hata moja. Mlango wafunguka, na Ruth asimama nywele zimelowa, uso hauna damu, macho yamezungukwa na wekundu. Na mtu aliyemwona mara moja hamsahau.

Mwigizaji wake alikuwa Kathleen Byron, na yafaa lielezwe neno lake alilolisimulia miaka mingi baadaye, ya kuwa yeye na Powell hawakupatana juu ya Ruth: Powell alimtaka mwenda wazimu, naye Byron akashikilia kumwigiza kama mwanamke mwenye akili zake, anayejua anachokitaka. Namshukuru kwa ukaidi wake. Kwani ukimfuata Ruth tangu mwanzo, utaona ya kuwa amedhulumiwa kwa mambo madogo madogo. Siku moja aja mbio mbele ya mkuu wake, vazi lake limejaa damu, kwa kuwa ameizuia damu ya mwanamke mgonjwa kwa mikono yake mwenyewe, na furaha yamtoka machoni kama mtoto aliyeleta zawadi. Clodagh amkaripia kwa kutomwita Sista Briony aliye mjuzi zaidi. Katika chumba kile mwenye kumwonyesha upole ni Dean peke yake. Hapo ndipo mbegu ilipoanguka. Mtu mwenye kiu hachagui kikombe, na upole uliokuwa haki yake kuupata kwa dada zake wa utawa akaupata kwa mwanamume mlevi, akadhani kuwa ni mahaba.

Kuna dosari moja ambayo siwezi kuipitia kimya. Katika waigizaji wakuu waliosimama mahali pa watu wa Himalaya, ni Sabu tu, kijana wa Mysore aliyepata jina tangu Elephant Boy ya mwaka 1937, aliyekuwa Mhindi. Kanchi, binti wa mlimani asiyetamka neno, aliigizwa na Jean Simmons, msichana wa Kiingereza aliyepakwa rangi usoni na kutiwa kipini puani, na yaya mzee wa kasri aliigizwa na May Hallatt, Mwingereza pia. Wengine walisombwa katika watu wa Asia waliofanya kazi kwenye gati za London. Filamu iliyofahamu kwa undani namna hii ugonjwa wa wageni haikuona haja ya kuwafahamu wenyeji, ikawaacha wawe kama upepo na ngoma, sehemu ya mambo yanayowasumbua masista. Filamu ilitoka katika nusu ya kwanza ya mwaka 1947, na tarehe 15 Agosti mwaka huo huo India ikapata uhuru. Waingereza waliotazama msafara wa masista ukiteremka mlimani, kasri ikififia nyuma yao katika ukungu, walikuwa wakitazama, kwa kujua au kwa kutojua, habari za taifa lao.

Nafika sasa kwenye mkasi. Kule Marekani palikuwa na jumuiya ya Wakatoliki iliyoitwa National Legion of Decency, ambayo tokea miaka ya 1930 ilizipanga filamu kwa madaraja, na waumini wengi wakala yamini makanisani kutozikaribia zile zilizolaaniwa. Black Narcissus ikatiwa katika daraja hilo la laana, ijapokuwa masista wake si Wakatoliki. Wenye biashara, ambao waliogopa kumbi tupu kuliko walivyoogopa dhambi, wakakubali kuikata filamu ili iondolewe laana. Na ni kitu gani kilichokatwa? Msomaji atadhani kuwa ni gauni jekundu, au rangi ya mdomo, au Ruth akimwangukia Dean. La. Vipande vikubwa vilivyoondolewa ni kumbukumbu za Sista Clodagh: msichana aliyesimama na kijana wake ziwani wakivua samaki, msichana aliyepanda farasi akifuata mbwa wa mawindo kwa furaha, msichana aliyepewa na bibi yake mkufu wa zumaridi, akiusikia mluzi wa mchumba nje akakimbilia mlangoni na mkufu shingoni, akapotelea gizani akiita jina lake.

Hapana katika hayo jambo ambalo mzazi angeona haya kumwonyesha mwanawe. Walakini wakaguzi walifahamu vema kuliko wasifiaji wengi ni wapi penye moto. Mtawa mwenda wazimu hakuwatisha, kwa kuwa wazimu ni wa mtu mmoja na humalizika kwa mtu huyo kuanguka gengeni. Kilichowatisha ni mtawa mwema, mwenye akili timamu, mkuu wa nyumba, anayepiga magoti mbele ya altari huku moyo wake uko ziwani Ireland. Wakaondoa sababu, wakaacha matokeo. Watazamaji wa Marekani wakaonyeshwa mwanamke baridi akipambana na mwanamke wa moto, nao hawakupata kujua ya kuwa hao wawili walikuwa wagonjwa wa maradhi mamoja, na kwamba tofauti yao ilikuwa ni hii tu: Clodagh, kabla mambo hayajaharibika kabisa, alimweleza Dean habari zake zote kwa machozi, akasema kwa nini alikimbilia utawa, na kwa kusema akapona, Ruth hakuwa na wa kumweleza. Kile ambacho masista walizitendea nafsi zao kule Mopu, kukifungia kitu chumbani na kudai kuwa chumba hakipo, ndicho wakaguzi walichoitendea filamu, na kwa imani ile ile njema.

Tuzo hazikuzuilika. Mwezi Machi mwaka 1948 Cardiff akapewa Oscar ya upigaji picha za rangi na Junge akapewa ya usanifu. Msomaji wa Afrika Mashariki na wa Congo huenda anaijua kazi ya Cardiff kwa njia nyingine, kwa maana mwaka 1951 alikuja kwetu kupiga The African Queen, katika mto Ruiki wa Congo ya Wabelgiji, kisha Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Na mtu aliyeipiga picha Himalaya ya chaki bila kutoka Uingereza akalazwa na homa na tumbo pamoja na karibu wenziwe wote. Hata huko alikuta mwanamke wa dini aliyejifunga, dada wa mmisionari katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, isipokuwa huyo mto ulimfungua kwa heri. Powell hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1960 alitoa Peeping Tom, habari za kijana mtulivu mwenye kamera anayewaua wanawake ili apige picha za hofu yao, na wahakiki wa London wakaishukia kwa ghadhabu ambayo haikuwahi kuonekana, kazi yake Uingereza ikakaribia kukatika. Ilichukua takriban miaka ishirini, na juhudi za watu kama Martin Scorsese, jina lake kurudishiwa heshima.

Nimalize kwa mvua. Dean alitabiri tangu mwanzo ya kuwa masista hawatakaa baada ya mvua kuanza, na katika kipande cha mwisho, msafara ukiteremka, matone ya kwanza yaanguka juu ya majani mapana, moja, jingine, kisha mengi. Mvua hiyo huletwa India na pepo zile zile za kusi ambazo mababu zetu walizitumia kuvukisha majahazi. Powell alikuwa amekwisha kupiga kipande kingine cha kufungia, Clodagh akilia mbele ya Mama Mkuu huko Calcutta, lakini alipoiona mvua ile akakitupa kipande hicho, akasema filamu imekwisha hapo. Huo ndio mkato pekee uliokuwa wa haki, kwa kuwa ulifanywa na mwenye kazi.

Kathleen Byron alifariki Januari 2009, na Jack Cardiff Aprili ya mwaka uo huo. Nakala za filamu zinazopatikana siku hizi ni kamili, nazo huchukua kama dakika 100. Atakayeitafuta, kabla ya kuitazama na aulize kama msichana wa zumaridi yumo. Na kama hayumo, airudishe atafute nyingine.